Fundi Saa na Maua Yake ya Kengele

Mahali alipokuwa akikaa Fundi Saa pale sokoni Mwanga sasa panauzwa chaja na vioo vya simu. Nilikaa ubavuni mwake miaka kumi na moja, mimi na cherehani yangu, yeye na kimeza chake, na katikati yetu upenyo wa kupita mtu mmoja, tena awe mwembamba. Wateja wa zamani wakija kumuulizia nawaambia amehamia milimani, Manyovu, kwa wakwe zake, yeye na mkewe. Hiyo ni kweli. Nisichowaambia ni kwamba maua yake yalifia mikononi mwangu, na kwamba mkewe alikuwa amebakiwa na neno moja tu kinywani, na neno lenyewe lilikuwa la maua hayo.

Sijui alizaliwa wapi wala mwaka gani. Watu walisema wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa Ujiji, lakini sikuwahi kumuuliza na yeye hakuwahi kusema. Nilimkuta tayari mzee. Mbele yake nilimwita Mzee, nyuma yake nilimwita Fundi Saa kama soko zima lilivyomwita. Yeye aliniita binti, hata baada ya mwanangu kumaliza kidato cha nne.

Jambo la kwanza ambalo kila mtu aliligundua ni kwamba hakuvaa saa. Alikuwa na saa sabini mezani, za ukutani na za mkononi, kila moja ikisema lake, na akitaka kujua ni saa ngapi aliniuliza mimi. Kazini alichelewa kila siku ya Mungu. Nikimtania alisema fundi akivaa saa atapata wazimu, kwa sababu atasikia inavyokosea. Basi akikuambia njoo saa nane, ulipaswa kufika saa tisa na nusu na kumkuta ndiyo kwanza anapangusa meza.

Kwa wageni alikuwa mtu wa maneno laini. Sikumsikia hata mara moja akimwambia mteja kwamba saa yake imekufa. Aliibana ile lenzi yake nyeusi jichoni, akaifungua saa, akaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akasema imechoka, iache wiki mbili. Droo yake ya chini ilijaa saa zilizochoka. Wengine walirudi baada ya wiki mbili, wakaambiwa inaendelea vizuri ila bado, na hatimaye wakaacha kurudi, na nadhani hilo ndilo alilokuwa akilingojea.

Kwa sisi wa karibu hakuwa na ulaini huo. Siku moja mwalimu mmoja wa Rusimbi alikuja kujaribu sketi niliyomshonea, akajigeuza mbele ya kioo, akaridhika, anafungua pochi anilipe. Fundi Saa, kutoka mezani kwake, bila hata kuinua kichwa vizuri, akasema upande wa kushoto umeshuka. Ulikuwa umeshuka kweli, kwa unene wa uzi labda. Niliifumua sketi yote. Nilimnunia siku tatu, na siku ya nne akaniletea chai ya tangawizi, kali hadi machozi yakanitoka, akaiweka juu ya cherehani.

Alikuwa na kibano chembamba ambacho hakumwazima mtu. Sindano yangu iliwahi kukatikia ndani ya mashine, nikamwomba kibano dakika moja tu, akakataa. Alisimama, akaja, akaitoa sindano mwenyewe, akarudi kukaa. Lakini mvua iliponyesha alimpa mwamvuli wake mama mmoja muuza dagaa asiyemjua hata jina, na mwamvuli ukaenda zake moja kwa moja. Nilishindwa kumpanga mtu huyu. Mwisho niliacha kujaribu.

Habari ya maua niliijua kwa kuchelewa. Mkewe alipata kiharusi, soko likachanga kidogo, nikapewa mimi kazi ya kupeleka, maana nakaa njia hiyo hiyo ya Rusimbi, walikokaa wao. Nilimkuta mama wa watu ameketi kwenye kiti cha mbao uani, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Mbele yake, chini ya migomba miwili, palikuwa na makopo ya maziwa ya unga yapatayo ishirini, yote yamepakwa chokaa. Ndani ya makopo mlikuwa na maua ya buluu ambayo sikuwahi kuyaona hapa mjini. Si yale ya njano ya kwenye fensi, ambayo nayo watu huyaita kengele. Haya yalikuwa madogo, ya kutosha kuingia ncha ya kidole, mdomo umejikunja nje kidogo, na rangi yake sijui niifananishe na nini.

Nilimsabahi mama kwa Kiha, mwakeye, kwa kuwa nilijua ni mtu wa kwetu huko juu. Alinitazama tu. Kisha akageuza macho kwenye makopo, akakaa hivyo, na baada ya muda akasema waziwazi, bila kugugumia, "Limefunguka."

Fundi Saa alikuwa amesimama mlangoni. Alinieleza kwamba maneno yote yameondoka, hata jina lake yeye, hata la watoto, limebaki hilo moja. Ua likifunguka, analisema. Kama hakuna lililofunguka, hasemi kitu kutwa nzima. Alinieleza hayo kwa sauti ile ile aliyotumia kusema sketi imeshuka.

Maua yalikuwa ya mke tangu mwanzo. Watawa wa misheni moja huko milimani waliyapanda kando ya ukuta wa kanisa, na yeye, wiki ya kuolewa, alichuma vikonyo vilivyokauka akavifunga kwenye pembe ya khanga akashuka navyo mjini. Fundi Saa hakuyapenda. Alilalamika miaka yote kwamba yanakunywa maji yake ya kuoga. Kiharusi kilipokuja akayarithi, na mwaka wa kwanza, alikiri mwenyewe, aliyaua karibu yote. Aliyamwagilia kwa juu mchana jua likiwaka, yakaoza katikati. Aliyaacha nje ya kivuli, yakaungua. Mmea ule unataka ubaridi wa Manyovu, ukungu wa asubuhi, na Rusimbi saa sita mabati yanapasuka kwa joto. Mtu yeyote mwenye akili angeacha.

Yeye alifanya kama alivyozoea kufanya na saa: alifungua, akatazama kinachokwama. Alipaka makopo chokaa ili yasishike joto. Aliyatoboa chini, akaweka vipande vya mkaa, maji yasituame. Alizungushia mashina kokoto nyeupe ili mizizi ikae kwenye ubaridi. Hakumwagilia tena kwa juu. Alilisimamisha kopo kwenye beseni la maji na kungoja hadi udongo wa juu ugeuke rangi wenyewe, kisha akalitoa. Ua likinyauka alilikata siku hiyo hiyo kwa kimkasi, kwa sababu mmea ukishaanza kutengeneza mbegu unaona umemaliza kazi na hautoi maua mengine. Machache aliyaacha yakauke, ya mbegu. Konokono aliwaokota alfajiri mmoja mmoja kwa kile kibano chake, akawapeleka mbali kwenye shamba la migomba la jirani, na jirani hakufurahi.

Mbegu zenyewe ni ndogo kuliko ugoro. Ukipiga chafya umepoteza msimu. Alikuwa akienda Katonga, wanakopokelea samaki, kuchota mchanga wa ufukweni, anauosha mara tatu, anauchanganya na mbegu ili zisimwagike zote mahali pamoja. Wanawake wanaoanika dagaa walimuuliza kila mara mzee anajenga nini kwa kikombe kimoja cha mchanga. Alinyunyiza mchanganyiko ule juu ya udongo, akaukandamiza kwa mgongo wa kijiko, akafunika kopo kwa kioo cha saa ya ukutani. Nilimuuliza kwa nini asifukie. Akasema mbegu hii huota kwa mwanga. Nilidhani ananitania.

Sokoni hakuyataja maua. Kama kuna mtu aliyenunua maua ya plastiki akapita nayo, alitazama pembeni. Lakini asubuhi alipofika nilijua bila kuuliza. Kama mama alikuwa amesema neno lake, Fundi Saa alinisabahi kabla sijamwamkia. Kama hakusema, nilisema shikamoo mara mbili ndipo nikapata marahaba.

Halafu macho yake yakaanza kuziba. Mtoto wa jicho, yote mawili. Alianza kuniita nimsomee namba za betri, na mara mbili nilimwona akiitafuta skrubu iliyokuwa juu ya kidole chake. Alipewa rufaa ya kwenda kufanyiwa upasuaji mbali, safari ya treni, akaambiwa ni mwezi mmoja. Mdogo wake mama akashuka kutoka Manyovu kuja kumuuguza dada yake. Ikabaki kutafuta mtu wa maua. Shemeji yake alisema yeye ataweza mgonjwa tu. Basi nikaambiwa mimi.

Wakati huo nilikuwa nimemzika mama yangu Kasulu, haijatimia miezi miwili. Nasema hivi si kwa kujitetea. Nilikuwa nimekufa ganzi. Nilishona, nilipika, nililipa kodi ya meza, watu walinipa pole nikasema nimeshapoa. Sikulia msibani na sikulia baadaye. Nilikuwa nangoja nihisi kitu na hakikuja kitu.

Miche ya zamani ilikuwa imezeeka, imebaki mitatu yenye maua ya mwisho mwisho. Mbegu zote zilikuwa kwenye kichupa cha dawa. Alinikabidhi siku moja kabla ya treni, pale pale sokoni, akaniambia nizipande zote, kwa kuwa hazitafika msimu mwingine zikiwa na nguvu. Akaniambia usifukie. Akaniambia tena. Alipokuwa akifungasha saa zake kwenye sanduku akaniambia mara ya tatu. Mimi nilikuwa nakata kitenge cha mtu, nikajibu ndiyo Mzee, ndiyo Mzee.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Nilichanganya mbegu na mchanga wake, nikanyunyiza kwenye makopo kumi na mawili, nikakandamiza kwa kijiko. Mama alikuwa kwenye kiti chake anatazama. Kila kitu nilikifanya kama nilivyoagizwa. Kisha mkono wangu ukachota udongo ukafukia. Sikuamua. Sisi tuliokua tukipanda maharage kule kwetu hatuwezi kuacha mbegu uchi. Kuku watakula, na anayepita njiani atajua nyumba hii ina watu wavivu. Mama yangu alikuwa akipita nyuma yetu shambani, anafukia kila shimo kwa unyayo na kulibana kwa kisigino, na ukiacha moja wazi unaitwa urudi. Nilifukia makopo yote kumi na mawili, kina cha kidole kimoja, nikayabana vizuri, nikaweka vioo juu. Nakumbuka nilinawa mikono na kujisikia mtu aliyemaliza kazi.

Fundi Saa alipiga simu wiki ya pili. Alikuwa bado anangoja zamu ya upasuaji. Aliuliza kama zimeota, nikasema bado, akasema hazina haraka. Wiki ya nne alipiga tena. Nikasema bado. Akauliza, "Binti, hukufukia?"

Hapo ndipo nilipouona mkono wangu ukichota udongo. Niliuona wazi kabisa. Nikasema, "Sikufukia, Mzee."

Sikusema hivyo kwa woga. Nilisema kwa kuwa lilikuwa jibu fupi. Ndivyo nilivyokuwa siku zile. Kesho yake nilikwenda na sindano ndefu ya kushonea magodoro, nikafukua kopo moja baada ya jingine. Hapakuwa na kitu. Udongo ulikuwa safi, mweusi, una harufu nzuri.

Ile miche mitatu ya zamani ilimaliza maua yake, ikafa bila kuacha mbegu. La mwisho lilifunguka Jumatano, na shemeji mtu aliniambia dada yake alilisema neno lake mara mbili siku hiyo. Baada ya hapo hakusema tena. Kila asubuhi alikaa mbele ya makopo hadi jua likamfikia miguuni, akaingizwa ndani. Nilielezwa haya nikiwa nashona, na nilijua kwamba mtu mwingine angeinuka kwenye mashine. Mimi niliuliza tu kama anakula vizuri. Nikaambiwa anakula.

Nilipanda gari hadi Manyovu, Jumapili moja, kutafuta. Ukuta wa kanisa ule ulikuwepo. Kando yake palikuwa pamesakafiwa saruji, viti vya harusi vimepangwa. Niliuliza watu wanne. Watatu hawakuyajua maua hayo. Wa nne, bibi mmoja mwenye mkongojo, alisema aliyakumbuka, yalikuwa ya buluu, mbuzi waliyapenda. Nikarudi mjini.

Mwezi wake mmoja ulikuja kuwa miezi miwili na nusu. Aliporudi hakupitia sokoni. Nilisikia kwa watu kwamba Fundi Saa ameshuka kwenye treni, jicho moja limepona kabisa, la pili bado. Asubuhi iliyofuata, kabla ya kufungua meza, nilikwenda Rusimbi.

Alikuwa amechuchumaa chini ya migomba, vioo vya saa amevipanga pembeni, na kwa ncha ya kibano anapekua udongo wa kopo la kwanza. Mama alikuwa kwenye kiti. Nikaamkia, akaitikia. Alinitazama kwa lile jicho jipya, muda mrefu, akasema kumbe nina mvi. Kisha akarudi kwenye kopo.

"Ulifukia," akasema.

"Nilifukia, Mzee."

"Na kwenye simu ukaniambia hukufukia."

"Nilikuambia hivyo."

Aliweka kibano chini. Nilitaka anifokee. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo tangu kwenye lango, na kwa kweli nililihitaji. Nikaanza kumweleza habari ya mama yangu na mashimo ya maharage, na unyayo, na mkono wangu ulivyofanya wenyewe. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Hakusema pole.

"Mimi sina la kukufanya," akasema. "Maua hayakuwa yangu. Mwambie mwenyewe."

Nilimtazama mkewe, halafu yeye. Niliuliza kwa sauti ya chini kama mama ataelewa.

"Anaelewa kila kitu. Kwake maneno yanaingia, ila hayatoki."

Nilipiga magoti mbele ya kiti. Niliuweka mkono wangu juu ya mkono wake wa kushoto, ule mzima. Nilimwambia kwa Kiha, kwa kuwa sikuweza kuona namna ya kumwambia kwa Kiswahili. Nilisema mbegu zako nilizipanda mimi. Niliambiwa nisizifukie, nikazifukia. Hazitaota. Nimekwenda hadi kwenu kutafuta nyingine, hazipo. Nilisema yote, na ile ya simu pia.

Alikuwa akinitazama usoni. Midomo yake ilianza kusogea. Ilifunguka kidogo, ikafunga, ikafunguka, na shingo ikakaza, kama mtu anayepekua chumba chenye giza akijua kitu kimo humo. Mimi na Fundi Saa tulingoja. Ningepokea neno lolote, hata tusi. Halikutoka. Mwisho midomo ikatulia. Akautoa mkono wake chini ya wangu, taratibu, akauweka mapajani juu ya ule mwingine.

Niliona aibu. Iliniingia mwili mzima, hadi masikio yakawaka. Hicho ndicho kilikuwa kitu cha kwanza nilichohisi tangu tumzike mama yangu, na sikujua nikipeleke wapi, nikabaki nacho pale pale chini.

Fundi Saa aliinuka. Alipita nyuma ya kiti, akakishika mgongo, akakiinamisha kidogo, akakigeuza pamoja na mkewe hadi kikaelekea barabarani, mahali pikipiki zinapopita na wanafunzi wanakwenda shule. Alimpangia khanga mabegani.

"Utaangalia watu," akamwambia.

Akaketi chini karibu na miguu yake, naye akawa anatazama barabarani. Mimi nilibaki nimepiga magoti mahali kiti kilipokuwa kimeelekea.